Neno "kijana" katika ubeti: namna nilivyojifunza kuandika insha ya uhakiki

Kila muhula ninapofungua rundo la insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, najua kuna sentensi inayonisubiri. Maneno hubadilika kidogo, lakini sura yake ni ile ile: "Kwa kiasi kikubwa mshairi amefaulu kutumia mbinu mbalimbali za lugha ili kuwasilisha ujumbe wake kwa hadhira." Nimeikuta katika insha za tenzi, za riwaya, za tamthilia, hata za nyimbo za taarabu. Ukiing'oa katika insha moja ukaipandikiza katika nyingine, hakuna atakayetambua. Pembeni yake huandika maneno mawili, "Zipi? Wapi?", kisha nikaendelea kusoma.

Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na nikaamini kwamba nimehakiki. Ndiyo maana naandika makala haya. Mwanafunzi aliyetoka kidato cha nne akaingia chuo kikuu huambiwa "andika insha ya uhakiki" kana kwamba ni jambo alilozaliwa akilijua. Hakuna anayeketi naye kumwonyesha. Mimi niliketi na nyanya yangu, na hadi leo naona hiyo ilikuwa bahati ambayo wengi hawaipati.

Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, nikaenda kusoma chuo kikuu bara. Muhula wa kwanza tulipewa swali: "Jadili nafasi ya mwanamke katika Utendi wa Mwana Kupona." Huo ni utenzi wa kale ambamo mama, Mwana Kupona, anamwusia bintiye juu ya maisha na ndoa, kwa Kiswahili cha Kaskazini. Nilifurahi mno. Wenzangu wengi darasani lugha yake ilikuwa ikiwakwaza. Wengine walidhani "ndoo" ni ya maji. Mimi kwetu nikiitwa tangu utotoni "ndoo hapa", yaani njoo hapa, na beti kadhaa nilikuwa nikizisikia zikisomwa kabla sijajua kusoma. Niliandika kwa siku tatu, nikaenda saiba kuchapisha, nikatoka na kurasa nane zilizobanwa vizuri. Nilikuwa na hakika ya alama.

Nilipata 9 kwa 30. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, mhadhiri alikuwa ameandika: "Umeusimulia utendi wote, na umeusimulia vizuri. Sasa uhakiki."

Nililia, kisha nikakasirika, kisha siku nyingi zilipopita nikaisoma insha ile upya na kuona alichokiona. Nilianza ubeti wa kwanza: mama anamwita bintiye. Nikafuata ubeti baada ya ubeti: anamwambia ashike dini, awe na adabu, amtii mume, awe na huruma kwa maskini. Nilipofika mwisho wa utendi nikafungua sehemu mpya, nikaorodhesha tashbihi mbili, takriri mbili, na vina. Kisha ile sentensi ya "kwa kiasi kikubwa". Mtu asiyewahi kuusoma utendi angeisoma insha yangu akapata muhtasari mzuri. Mtu aliyeusoma asingepata kitu.

Nadhani najua tulikojifunza hivyo. Shuleni tulikuwa na vitabu teule, na kila kitabu teule kilikuwa na mwongozo wake, na mwongozo ulikuwa umekwisha kupanga kila kitu: dhamira, maudhui, ploti, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Fulani ni mwenye busara, mfano huu. Fulani ni katili, mfano huu. Mtihani nao ulitoa alama kwa kila hoja iliyotajwa, kwa hiyo tulikua tukikusanya hoja kama mtu anayeokota kunazi, nyingi kwa haraka. Siulaumu mfumo huo kwa kila kitu. Unamfundisha mtoto kwamba maandishi yana sehemu, na sehemu zina majina. Lakini unamwacha akiamini kwamba ukishalitaja jina la kitu umekwisha kukieleza. Chuoni swali limebadilika na hakuna aliyetangaza. Mhadhiri anajua kwamba katika utendi mna tashbihi. Anataka kujua tashbihi ile inafanya kazi gani, wewe umejuaje, na kwa nini msomaji mwingine mwenye akili timamu anaweza kukukatalia.

Likizo ya Disemba nilirudi nyumbani na kitabu mkononi. Nyanya alikuwa akichagua mchele kwenye sinia, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti lake. Nilimwambia nimeanguka mtihani wa Mwana Kupona. Akanitazama kama niliyemwambia nimepotea njia ya kwenda kisimani kwetu. "Nisomee," akasema. Nikaanza.

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Akawa anasoma pamoja nami kwa midomo tu, bila sauti, mikono ikiendelea na mchele. Tulikwenda hivyo beti nyingi, mimi nikisoma kwa haraka kwa kuwa nilidhani nazijua. Nikafika hapa, mama anapomwelekeza binti namna ya kumtunza mume:

Mtunde kama kijana
asiyoyua kunena
kitu changalia sana
kitokacho na kungia

"Hebu rejea hapo, mwanangu."

Nikarejea.

"Kijana asiyoyua kunena ni nani?"

"Mtoto mchanga, nyanya."

"Na mtoto mchanga, anachokula na kinachomtoka, anayekijua ni nani?"

"Mamake."

"Basi hapo mkubwa ni nani?"

Akarudi kwenye mchele wake. Hakusema zaidi, wala mimi sikuweza kuendelea kusoma. Nilikimbilia insha yangu nikatafuta nilisema nini juu ya ubeti ule. Nilikuwa nimeandika: "Mshairi ametumia tashbihi, kwa mfano 'mtunde kama kijana'." Basi. Nilipita juu ya mahali penye moto nikiwa nimevaa viatu.

Utendi unamfundisha mke amtii mume, hilo kila mtu analiona. Lakini unapofika kwenye namna ya kuishi naye kila siku, unamfananisha mume huyo na mtoto asiyejua kusema, na unampa mke kazi ya kuangalia kinachoingia na kinachotoka. Ni nani anayemtii nani hapo? Swali hilo halikuwa katika mwongozo wowote. Lilitoka kwenye neno moja, "kijana", ambalo katika lugha ile ya Kaskazini lina maana ya mtoto, na si barobaro kama tunavyolitumia leo.

Baada ya siku chache nikakutana na neno lile tena. Karibu na mwisho Mwana Kupona anaeleza kwa nini ametunga:

Na sababu ya kutunga
si shairi si malenga
nina kijana muinga
napenda kumuusia

Kijana huyu wa pili ni binti yake. Mume ni kijana asiyejua kunena. Binti ni kijana mjinga anayehitaji kuusiwa. Neno moja kwa watu wawili, na anayelitamka kwa wote wawili ni mama. Nilihisi mikono ikinitetemeka, na sioni haya kulisema hilo. Hapo ndipo nilipojua uhakiki unaanzia wapi: mahali unapokwama, neno linapokataa kukaa kimya ndani ya maelezo uliyokuja nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza aanze vipi, simwambii aandike mpangilio. Namwambia asome maandishi mara mbili, mara ya pili kwa kalamu, na apige mstari mahali palipomkera, palipomshangaza, au palipompinga. Si mahali pazuri. Pazuri hapatoi swali. Atafute mahali ambapo angependa kumwuliza mtunzi, "Mbona umesema hivi?" Akipata mahali pawili panapozungumza kama "kijana" na "kijana", ana insha.

Kutoka kwenye swali hadi kwenye hoja kuu kuna mwendo, na mwendo huo wengi wanauruka. Nitaonyesha wangu, kwa kuwa daftari lile ninalo bado. Mwanzo niliandika: "Utendi wa Mwana Kupona unazungumzia utiifu wa mke kwa mumewe." Ni kweli, na kwa kuwa ni kweli tupu haina kazi, hakuna atakayenyanyua mkono kupinga. Nikaikata. Nikaandika: "Utendi wa Mwana Kupona unamkandamiza mwanamke." Hii inabishaniwa, lakini niligundua kwamba ningeweza kuiandika bila kuusoma utendi, kwa kusikia tu habari zake. Hoja ambayo haihitaji maandishi si hoja ya uhakiki. Nikaikata pia. Ya tatu ilinichukua siku mbili: "Mwana Kupona anamwamuru bintiye amtii mume, lakini neno analomwitia mume, 'kijana', ndilo analomwitia binti mwenyewe, hivyo utiifu anaoufundisha ni wa mlezi kwa mlelewa." Hii ukiondoa beti zile mbili inaanguka. Na mtu anaweza kuipinga kwa kunionyesha ubeti mwingine.

Na mtu alinipinga. Muhula ulipofunguliwa nilimsomea mwenzangu wa chumba, msichana wa Kakamega, anayesoma uchumi na asiye na subira na mashairi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kitabu akatafuta beti za radhi. Mwana Kupona anasema mwanadamu ana radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Kisha anasema siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa. Akitaka mkewe aende peponi, atapelekwa. Akisema motoni, hana budi kutiwa. Mwenzangu akaniuliza, "Mtoto gani huyo asiyejua kunena, na neno lake ndilo linalokutia motoni?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitaka kufanya wanachofanya wanafunzi wengi, yaani kuziacha beti zile nje ya insha, kwani nani angejua? Nawaomba sana, msifanye hivyo. Ubeti unaokukatalia ndio utakaoipa insha yako uzito. Niliuweka mbele ya macho yangu na kuuliza: kama vyote viwili vimo ndani ya utendi mmoja, mume mtoto na mume hakimu, vinakaaje pamoja?

Nikaona kwamba vimegawana mahali. Nyumbani, duniani, mke ndiye mwangalizi: anatunza, anajua kinachoingia na kinachotoka. Akhera, mume ndiye mwenye kauli. Utendi wenyewe unarudiarudia dunia na akhera pamoja, kama jozi, tangu beti za mwanzo. Kwa hiyo hoja yangu haikufa, ilibadilika. Sikusema tena kwamba mama anampindua mume kwa siri. Nilisema kwamba Mwana Kupona anamfundisha bintiye kuishi katika tawala mbili kwa wakati mmoja, moja ambayo yeye ndiye mlezi na nyingine ambayo yeye ndiye anayehukumiwa, na kwamba ugumu wa ndoa katika utendi huu uko kwenye mpaka wa tawala hizo. Hoja hii ni bora kuliko ya kwanza mara kumi, na nisingeipata kama mtu asiyependa mashairi asingeniuliza swali lake.

Ndipo nikaweza kurudi kwenye mshororo ulioniudhi tangu nikiwa msichana mdogo:

akinena simjibu
itahidi kunyamaa

Zamani niliusoma kama amri ya kumziba mwanamke mdomo, na sisemi kwamba hilo halimo. Limo. Lakini sasa niliona kuna kimya cha namna mbili katika utendi. Yule kijana hanyamazi, ila hajui kunena. Mke anajua kunena, na kunyamaa kwake kunahitaji jitihada: "itahidi". Mtunzi hakusema "nyamaa" tu. Ametia neno la juhudi, neno la mtu anayejizuia, na huwezi kujizuia kusema kama huna la kusema. Katika insha yangu ya kwanza mshororo huu ulikuwa mfano wa "maudhui ya utiifu". Katika ya pili ulichukua aya nzima, na aya hiyo ndiyo ninayoipenda hadi leo.

Aya ya uhakiki ina kazi tatu, na wanafunzi wengi hufanya mbili za kwanza wakaacha ya tatu. Wanatoa dai, wananukuu, kisha wanakimbilia dai jingine. Nukuu inabaki pale peke yake kama mgeni aliyeletwa barazani na mwenyeji akaondoka. Nukuu haijisemei. Ukishaileta, kaa nayo: neno gani hasa, kwa nini hilo na si jingine, lingebadilika nini kama lingekuwa tofauti? Nikiona aya ambayo nukuu yake ina mishororo minne na maelezo yake ni mstari mmoja, najua mwandishi aliogopa. Bora unukuu maneno mawili na kuyazungumzia kwa mistari minane.

Na kamusi, jamani. Mshororo mwingine unasema "mpumbaze apumbae, amriye sikatae". Mwaka juzi mwanafunzi aliandika kwa ujasiri kwamba Mwana Kupona anamwagiza bintiye amfanye mume mpumbavu, na akajenga kurasa mbili juu ya hapo. Nilimhurumia, kwa sababu kiu yake ilikuwa nzuri. Lakini katika lugha ya kale neno hili liko karibu zaidi na kumliwaza mtu, kumfanya asahau machovu yake. Mwanafunzi angejua hivyo, angeweza kuuliza swali zuri zaidi: kwa nini kumliwaza mume na kutokataa amri yake vimewekwa bega kwa bega? Mtu anayemliwaza mwenzake si lazima awe chini yake. Kurasa mbili za kosa zingekuwa kurasa mbili za hoja kwa dakika tano za kamusi. Maneno ambayo unadhani unayajua ndiyo ya kuangaliwa kwanza, hasa katika tenzi za kale, ambazo nyingi zimeandikwa kwa Kiamu na Kipate, lahaja za Lamu na Pate, na lahaja nyingine ambazo shuleni hazikufundishwa.

Habari za mtunzi zina mahali pake, na mahali hapo si kurasa mbili za mwanzo. Insha nyingi huanza kwa kuzaliwa, kuolewa na kufa, kisha habari hizo haziguswi tena. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo. Utendi huu una tarehe ndani yake, mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji wa kisiwani Pate, alifariki mwaka 1856. Hapo kwanza niliandika tarehe hizi kama mapambo. Nilipozisoma upya zikiwa pamoja nikashtuka: anayeusia ni mjane. Anaposema juu ya radhi ya mume, hazungumzii jambo linalomsubiri. Mume wake mwenyewe amekwisha kufa, na katika utendi anakumbuka kwamba aliondoka akiwa radhi naye. Anazungumza kama mtu ambaye hesabu yake imefungwa salama, akimfundisha msichana ambaye yake haijafunguliwa. Tarehe zile mbili, zikiwekwa kwenye aya ya radhi, zinafanya kazi. Kwenye ukurasa wa kwanza zilikuwa zimelala tu.

Kuna pia maneno ya mwanzoni, pale mama anapomwita binti:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi

Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Msichana wa Pate au Siu mwaka 1858 anaitwa aje na vyombo vya kuandikia. Sikuweza kulitia hili katika insha yangu, kwa kuwa lingenitoa kwenye njia, na kuliacha kuliniuma. Hilo nalo ni sehemu ya kazi. Utaona vitu kumi, utaandika vitatu. Yale saba usiyatupe. Yaandike daftarini, kwani insha ya mwaka wa tatu inaweza kutoka humo.

Juu ya nadharia nitasema kidogo. Mwanafunzi huandika ukurasa mzima: nadharia ya ufeministi, waasisi wake, mihimili yake mitano. Kisha uchambuzi unaanza na nadharia haionekani tena hadi hitimisho, ambapo tunaambiwa imesaidia sana. Nadharia ina maana ikiwa inakuuliza swali ambalo usingejiuliza. Ufeministi uliniuliza: katika ubeti huu, nani anasema na nani anasemewa? Swali hilo moja lilinitosha. Mihimili mingine minne sikuihitaji, kwa hiyo sikuitaja, na hakuna aliyenikata alama.

Mengine ni mepesi kuyasema. Soma kitenzi cha swali: "eleza" ni jambo moja, "jadili" ni jingine, na ukiambiwa ujadili maana yake kuna watu wawili wanaobishana na mmoja wao ni wewe. Utangulizi uuandike mwisho, ukishajua umesema nini. Usifungue kwa "tangu zamani za kale binadamu amekuwa akitumia fasihi". Ingia moja kwa moja kwenye ubeti. Ukichukua wazo la mtu, mtaje. Kumtaja mwenzako hakukupunguzii kitu, na kuiba kazi yake kunakuharibia jina kabla hujalijenga. Insha ikiisha isome kwa sauti, pole pole, kwa mtu au peke yako. Mahali ulimi unapojikwaa ndipo mawazo yalipokwama.

Na kwa kuwa sasa hivi ndilo linalozungumzwa kila korido: ndiyo, napokea insha zilizoandikwa na akili unde, na mara nyingi nazitambua. Sarufi yake ni safi. Zinasema kwa upande mmoja utendi unamtaka mke amtii mume, kwa upande mwingine unampa mwanamke sauti, na kwamba yote mawili ni muhimu. Nimezisoma nyingi, na hakuna hata moja iliyosimama kwenye neno "kijana" ikauliza hapo mkubwa ni nani. Nasikitika ninapozipokea, na si kwa sababu ya udanganyifu peke yake. Mwanafunzi yule amejinyima ile saa ya kukwama, na bila saa ile sijui atauonjaje utamu wa kazi hii.

Insha yangu ya pili niliiandika bila kuombwa. Alama zilikuwa zimekwisha kuingizwa na hazikubadilika. Niliipeleka ofisini kwa mhadhiri, nikaiacha mezani nikaondoka kabla hajasema kitu. Wiki moja baadaye ilikuwa kwenye kisanduku changu cha barua. Hakuna alama. Pembeni ya aya ya "itahidi" alikuwa amepiga mstari mrefu wa wima na kuandika, "Hapa umenifanya niurudie utendi." Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Karatasi ile nilikuwa nimekwisha kumsomea, mstari wa mhadhiri pia, naye akasema tu, "Alhamdulillahi, mwalimu wako ni mtu."

Muhula huu nimelirudisha swali lile lile kwa wanafunzi wangu: nafasi ya mwanamke katika Utendi wa Mwana Kupona, maneno 2,000. Wiki iliyopita, darasa lilipoisha, msichana mmoja ambaye huwa hasemi alibaki nyuma. Hakuwa na insha. Alikuwa na nakala ya ubeti wa kwanza, ameukunja mara nne, na neno moja amelizungushia duara hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

"Mwalimu, huyu mchachefu wa hasanati, mwenye mema machache, ni mama au ni binti? Kwa sababu kama ni binti, mama anamkemea. Na kama ni mama, basi anaanza kwa kujishusha, na wasia wote unabadilika."

Mlinzi alikuwa amekwisha kuanza kuzima taa za upande wa pili. Nikamwomba atuachie moja. Nikamwambia binti yule aketi, atoe kalamu.